Maji Baridi au Maji Matamu? Istilahi za Samaki wa Nyumbani

Mwalimu mmoja wa sayansi katika shule ya sekondari mjini Tanga alituletea barua ambayo hatukuweza kuijibu siku ile ile. Alieleza kwamba yeye na wanafunzi wake walimwita fundi wa vioo akawatengenezea tangi la samaki, wakaliweka katika chumba cha maabara, wakatia ndani yake perege wadogo pamoja na samaki wengine wa mapambo walionunuliwa Dar es Salaam. Mambo yalikwenda vyema kwa majuma kadhaa. Kisha, Ijumaa moja, zamu ya kubadilisha maji iliwaangukia wanafunzi wawili wenye bidii, nao wakaisoma karatasi ya maelekezo iliyobandikwa ukutani. Karatasi ilisema kwamba samaki hao ni wa maji baridi, na kwamba kila juma sehemu ya maji iondolewe na kutiwa maji baridi yaliyo safi. Wanafunzi wakaenda kwa mama muuza soda aliye jirani na shule, wakapata chupa za maji zilizolala katika jokofu, wakazimimina zote. Juu yake wakatia na mifuko ya barafu, ili ubaridi udumu mpaka Jumatatu. Jumatatu hakukuwa na samaki hata mmoja aliyeogelea.

Karatasi ile, hapana budi tukiri, tuliitafsiri sisi wenyewe. Ilikuwa kabla hatujaingia katika kazi hii ya istilahi. Rafiki alituomba msaada, tukaimaliza kwa jioni mbili, na kila neno tulilolitumia lilikuwa katika kamusi. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi neno lililo sahihi katika kamusi lilivyoweza kuua samaki, na kupendekeza maneno ambayo mfasiri, mwalimu au afisa wa serikali anaweza kuyatumia aandikapo juu ya samaki wanaofugwa nyumbani.

Tuanze na kosa lenyewe. Katika maandishi yetu ya uvuvi, maji ya mito, maziwa na mabwawa huitwa maji baridi, na yale ya bahari huitwa maji ya chumvi. Matumizi hayo ni ya kale, wala hayakuanzishwa na wafasiri wa maofisini. Kamusi za zamani za pwani zinayo maji baridi kwa maana hiyo, tena zina maji ya pepo, ambayo yana wazo lile lile la ubaridi na upepo. Baharia aliyekaa siku nyingi chomboni, akishuka na kupewa kata ya maji ya kisimani, huyasikia kooni kuwa ni baridi hata kama jua limeyapiga. Maana burudani ya maji yale ni kukosa chumvi. Kwa hiyo neno lina asili njema. Linafaa pia mahali pake: afisa wa uvuvi anaposema uvuvi wa maji baridi, hakuna asikiaye ambaye atafikiri habari ya jokofu.

Lakini katika karatasi ya kufugia samaki nyumbani, joto la maji ni jambo la kila ukurasa. Mfugaji huambiwa apime joto asubuhi na jioni, alizuie lisipande, alizuie lisishuke ghafula. Katika karatasi ya namna hiyo neno baridi tayari lina kazi, nayo ni kazi yake ya kwanza katika lugha. Ukiliongezea kazi ya pili, ya kueleza kukosekana kwa chumvi, unapata sentensi kama ile tuliyoiandika sisi: kwamba samaki wa maji baridi wanahitaji maji yenye nyuzi 24 mpaka 28 za Selsiasi. Mwenye kuijua habari atapita bila kujikwaa. Mwanafunzi wa kidato cha pili ataona maneno mawili yanayopingana, atachagua moja, na aghalabu atachagua lile lililotajwa kwanza.

Wanafunzi wale hawakuwa wajinga. Mwalimu alitueleza kwamba walipoulizwa walijitetea kwa hoja: walikuwa wamefundishwa kwamba samaki ni mnyama wa damu baridi, basi mnyama wa damu baridi aishiye katika maji baridi angedhuriwaje na barafu? Hapa tena lawama ni ya istilahi. Damu ya samaki si baridi. Joto la mwili wake hufuata joto la maji yaliyomzunguka, kwa hiyo perege aliyekaa katika kidimbwi cha kina kifupi huko Korogwe saa saba mchana, mwezi wa Februari, ana damu yenye joto sawa na maji yale, ambayo ukiyagusa utayaita ya vuguvugu au zaidi. Kwa kuwa hana njia ya kujipasha joto mwenyewe, mabadiliko ya ghafula humpata mwili mzima mara moja. Sisi tungependa vitabu vya shule viseme mnyama afuataye joto la mahali. Ni maneno mengi kuliko damu baridi, lakini hayamdanganyi mtu.

Sasa tuwekeje mahali pa maji baridi? Wafasiri wengine wamejaribu maji safi. Hili ni baya zaidi, maana samaki wa maji safi humfanya msomaji adhani kwamba changu na tasi wa Tanga wanaishi katika maji machafu. Tena mamlaka zetu za maji zimekwisha kulitumia neno hilo kwa maana nyingine iliyo dhahiri, maji safi upande mmoja na maji taka upande wa pili, na haifai kuwanyang'anya.

Pendekezo letu ni maji matamu. Neno hili halihitaji kubuniwa. Mtu wa pwani akichimba kisima karibu na ufuko, swali la kwanza la jirani zake ni kama maji yake ni matamu au ya chumvi. Waarabu, Wafaransa na Wajerumani nao, kila mmoja kwa lugha yake, huyaita maji ya mtoni kwa neno la utamu. Tunajua hoja ya wenzetu wa bara, ambao hawana bahari ya kulinganishia, kwamba mtoto atafikiri maji yametiwa sukari. Hoja hiyo tumeipima. Kwa maoni yetu inasahau upana wa neno tamu katika Kiswahili: mchuzi uliokolea chumvi sawasawa ni mtamu, usingizi ni mtamu, sauti ni tamu, na hakuna kati ya hivyo kilichotiwa sukari. Hata hivyo, kwa msomaji wa mara ya kwanza, si vibaya kuandika mara moja tu mwanzoni: maji matamu, yaani yasiyo na chumvi. Baada ya hapo aachwe.

Kuna hoja nyingine iliyotushawishi, na tuliipata Pangani. Mto Pangani unapokutana na bahari, maji yake si ya mto wala si ya bahari. Maji kujaa huyapandisha ya chumvi, maji kupwa huyarudisha, na wakazi wa kando ya mto wanajua kwamba pale ambapo mto umepungukiwa nguvu chumvi hufika mbali zaidi. Maji ya namna hiyo yana samaki wake, na baadhi yao hufugwa katika matangi. Tuyaiteje? Ukishika njia ya chumvi na utamu, lugha inakufanyia kazi yenyewe: maji ya chumvichumvi, kama tusemavyo majimaji au rangi ya manjanomanjano. Ukishika njia ya ubaridi, huna pa kwenda. Tulijaribu kwa mzaha maji ya nusu baridi, nasi tukacheka. Istilahi inayokubali kuzaa istilahi nyingine ina faida kubwa kuliko ile inayosimama peke yake.

Hatusemi kwamba maji baridi yafutwe katika sheria na ripoti za uvuvi. Neno lililozoeleka kwa miaka mingi katika ofisi na vyuo halifutwi kwa makala, na kulifuta kungeleta mkanganyiko mpya. Tunachosema ni kwamba popote ambapo joto la maji linazungumzwa ndani ya maandishi yale yale, mfasiri atumie maji matamu, na neno baridi aliachie kipimajoto.

Neno la pili lililotusumbua ni tropiki. Vitabu vingi vya ufugaji wa nyumbani vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, nao huwaita samaki hawa wa kitropiki kwa sababu wametoka mbali, kwenye joto. Kwa mfugaji wa Tanga hawa ni samaki wa kwao, au wa jirani. Neno tropiki si baya katika jiografia, ambako lina mipaka yake inayojulikana. Katika karatasi ya mfugaji, ukanda wa joto unatosha, na mara nyingi hata huo hauhitajiki. Jambo kubwa ni kwamba pamoja na neno, mfasiri huvuta mtazamo wa mwandishi wa kwanza. Sisi tulitafsiri kwa uaminifu aya nzima juu ya kipasha maji, kile chombo cha umeme kinachozamishwa ndani ya tangi ili maji yasipoe, tukamhimiza mfugaji asikose kukinunua. Kipasha maji mjini Tanga mwezi wa Februari! Lushoto, penye kimo cha mita 1,400 hivi, katika usiku wa Julai, ni sawa kabisa; mfugaji wa Lushoto bila kipasha maji atawapoteza samaki wake. Lakini kule pwani taabu ni kinyume chake, na juu ya taabu hiyo karatasi yetu haikusema neno.

Taabu yenyewe ni hewa. Maji yanapopata joto hupoteza uwezo wa kubeba oksijeni. Lita moja ya maji matamu yenye nyuzi 20 huweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 hubeba miligramu 7 na nusu tu, hali samaki mwenyewe, kwa sababu ya joto lile lile, anahitaji zaidi. Ndiyo maana katika tangi lililojaa kupita kiasi, mchana wa jua kali, utawaona samaki wamepanda juu, wanafungua na kufunga midomo usoni pa maji. Watu husema wana njaa, wakawatupia chakula, na chakula kikioza kinaila oksijeni iliyobaki. Hapa mfugaji anahitaji pampu ya hewa, kivuli, na idadi ndogo ya samaki. Pampu ya hewa tumeiacha hivyo hivyo, kwa kuwa kila fundi baiskeli anaijua pampu na kazi yake. Kuna aliyependekeza kipumulishi. Hatukuona sababu.

Tunafika kwenye chombo chenyewe, na hapa tutakaa kidogo, maana suala la jina lake lilitupeleka mbali na vitabu vya wageni. Wengi hudhani kwamba kufuga samaki nyumbani, si kwa ajili ya kula, ni desturi iliyoletwa juzi. Sivyo. Katika nyumba za mawe za Lamu, na katika misikiti, kulikuwa na birika la maji, yaani hodhi lililojengwa kwa mawe na chokaa, la kutawadhia na kuogea. Ndani yake walitiwa samaki wadogo wa maji matamu ili wale viluwiluwi vya mbu. Katika mabirika ya nyumba za watu wenye uwezo, sakafuni palipachikwa bakuli la kaure, ili maji yanapopungua samaki wapate mahali penye kina pa kujihifadhi mpaka yatiwe mengine. Hebu msomaji apime ufundi wa jambo hilo: samaki, mdudu, maji na bakuli, vyote vimewekwa katika mpango mmoja unaojiendesha. Huo ndio ufugaji wa samaki wa nyumbani, nao ulikuwa na Kiswahili chake.

Kwa hiyo jina la kwanza lililotujia lilikuwa birika la vioo. Tuliona fahari kulitaja. Tulipolijaribu kwa watu wa Tanga, kila mmoja alicheka, na mzee mmoja alituuliza kama samaki hao tunawanywa kwa maziwa au kwa rangi. Birika kwa msemaji wa leo ni la chai. Maana ya hodhi bado imo katika kamusi, lakini midomoni mwa watu wa Tanzania imefifia, na istilahi haiwezi kusimama juu ya maana ambayo msemaji anahitaji kukumbushwa. Laiti tungeuliza swali hili miaka mia moja iliyopita.

Jina la pili ni hodhi. Ni neno zuri, lina mdomo ulio wazi juu kama chombo chetu, na bado linaeleweka na watu wazima. Ubaya wake ni kwamba hodhi ni la kuchotea au kuogea, tena haliangaliki ndani kutoka ubavuni, hali chombo hiki kimetengenezwa ili kitazamwe. La tatu ni akwaria, ambalo limechukuliwa kwa umbo lake la kigeni. Linafaa kwa majengo makubwa ya maonyesho, ambako watalii na wataalamu hukutana, na kwa kazi hiyo tungeliunga mkono. Kwa chombo cha sebuleni na maabara ya shule tumechagua tangi la samaki. Si kwa sababu ya uzuri wake. Ni kwa sababu fundi wa vioo anapochukua vipimo husema tangi, muuzaji wa samaki wa mapambo husema tangi, na mwalimu wetu katika barua yake aliandika tangi bila kuulizwa. Pale ambapo wenye kazi wamekwisha kukubaliana, kazi ya mtaalamu wa istilahi ni kuandika.

Samaki wa mapambo nalo limekwisha kukaa, na linafaa kumtenganisha samaki huyu na yule wa mabwawa ya ufugaji, anayekusudiwa kuliwa. Mapezi, magamba na mkia hayana taabu. Kiungo ambacho samaki hupumulia kina majina mengi mno: wengine husema mashavu, wengine yavuyavu, wengine matamvua. Tumelichagua matamvua, maana mashavu yanaweza kumfanya mwanafunzi afikirie kifuniko cha nje, na kumbe uhai wa samaki umo katika zile nyuzinyuzi nyekundu zilizofichwa chini yake. Chujio ni chujio, hata likiwa na sponji na umeme.

Jambo lililo zito zaidi ni kemia ya maji. Samaki hutoa amonia, hasa kwa matamvua yake, na chakula kilichooza huongeza. Amonia ni sumu. Katika tangi lililokaa, bakteria wa aina moja huigeuza amonia kuwa kitu cha pili, na bakteria wa aina nyingine hukigeuza hicho cha pili kuwa cha tatu. Cha pili ni sumu hata kikiwa kidogo. Cha tatu hakina ukali huo, na hupunguzwa kwa kubadilisha maji na kwa mimea. Sasa, maandishi mbalimbali ya Kiswahili yameviandika vitu hivi viwili kwa namna nyingi, mara naitraiti na naitreti, mara nitraiti na nitreti, kwa kufuata masikio ya kila mfasiri. Tumeona ukurasa mmoja ambao umetumia maumbo matatu kwa vitu viwili. Mfugaji anayesoma hapo hawezi kujua kama maji yake yana hatari au la. Tunapendekeza nitriti kwa kile chenye sumu na nitrati kwa kile cha mwisho, na mfasiri akishachagua asibadilishe hata herufi moja. Tofauti ni ya irabu tu, nasi tunaona ni chache kwa jambo la uhai. Kwa hiyo katika maandishi ya shule tunashauri kila mara iandikwe sumu ya nitriti, ili neno sumu liende pamoja nayo kama kengele shingoni mwa mbuzi.

Kile kipindi cha majuma manne mpaka sita hivi, ambacho bakteria hao huzaliana katika tangi jipya kabla ya kutiwa samaki wengi, kilitupa shida ya jina, kwa kuwa lugha ya kwanza hutumia neno la mzunguko, na kuzungusha tangi kungemtia mtu katika kazi ya kulibeba. Tumesema kukomaza tangi. Tangi lililokomaa, tangi bichi: maneno haya tuliyajaribu kwa wanafunzi wa mwalimu yule, na hakuna aliyeomba maelezo. Maji ya bomba yaachwe katika ndoo iliyo wazi siku moja ili klorini itoke. Mji wa Tanga hupata maji yake kutoka bwawa la Mabayani, katika mto Zigi, nayo husafishwa kwa dawa kabla ya kufika bombani. Dawa iliyo salama kwetu huunguza matamvua.

Kuhusu ule utelezi wa kijani unaoota kwenye vioo, vitabu vya biolojia hutumia neno mwani. Katika vijiji vya pwani ya Tanga mwani hulimwa baharini, hukaushwa na kuuzwa, na mwanamke aliyeamka alfajiri kufunga kamba zake ufukoni hatakuelewa ukimwambia ausugue mwani kwa sponji na kuutupa. Kisayansi ndugu hawa wawili wamo katika kundi moja pana, na katika somo la biolojia neno libaki. Katika karatasi ya mfugaji tumeandika utelezi wa kijani, mpaka tupate neno bora.

Mwisho ni majina ya samaki wenyewe. Tanga imezoea kutajwa duniani kwa samaki wa bahari, hasa tangu wavuvi wake walipoanza kunasa silikanti katika majarife ya maji marefu. Wachache wanajua kwamba majina ya miji na mito ya mkoa huu yamo pia katika majina ya kisayansi ya samaki wa maji matamu. Katika mwaka 1955 mtaalamu Mwingereza, Rosemary Lowe, alieleza aina za perege, mmoja akampa jina la pangani na mwingine la korogwe. Leo huandikwa Oreochromis pangani na Oreochromis korogwe. Kwa hiyo mfasiri akutanapo na maneno hayo asiyatafsiri, wala asidhani ni makosa ya chapa. Kwa jina la kawaida, perege ndilo tulilolikuta upande huu. Watu wa Ziwa Viktoria wana ngege na sato, nao sato ni aina maalumu, si jina la jumla la ukoo. Mfasiri asiyachanganye.

Mgumu kuliko wote ni samaki mdogo, asiyezidi urefu wa kidole, ambaye wafugaji wa Ulaya wanampenda mno na sisi wenyewe twamkanyaga. Huishi katika vidimbwi vya mvua, vile vinavyojaa wakati wa masika na kukauka kabisa kiangazi. Dume lina rangi za kuvutia, jike limefifia. Mmoja wao, Nothobranchius palmqvisti, alielezwa katika mwaka 1907 na Lönnberg, mtaalamu wa Uswidi. Makao yake ni pwani ya kaskazini mashariki ya Tanzania na ya kusini mwa Kenya. Ndugu yake vosseleri amepewa jina la Vosseler, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi Amani, katika milima ya Usambara, wakati wa utawala wa Wajerumani. Mwingine, guentheri, ni wa Unguja. Jina la ukoo, Nothobranchius, maana yake kwa Kigiriki ni matamvua ya uongo, na jina la namna hiyo haliwezi kumsaidia mwanafunzi.

Samaki hawa hutaga mayai katika tope. Kidimbwi kikikauka wazazi wote hufa, lakini mayai hubaki hai ndani ya udongo, ukuaji wao umesimama, yakingoja mvua. Maji yakirudi huanguliwa kwa muda mfupi, vifaranga hukua upesi na kufikia kutaga baada ya majuma machache, maana hakuna ajuaye kiangazi kitawahi lini. Tumesikia ikisemwa kwamba wameshuka na mvua, na mtu aliyepita mahali pakavu mwezi wa Februari, akakuta samaki hapo hapo mwezi wa Mei, ana haki ya kusema hivyo. Wafugaji wa Ulaya hutumiana mayai hayo kwa posta, yamefunikwa katika udongo wenye unyevu ndani ya bahasha. Nao wanasayansi wamemchukua ndugu yao wa kusini, Nothobranchius furzeri wa Zimbabwe na Msumbiji, kuchunguza uzee, kwa kuwa ujana na uzee wake huisha ndani ya miezi michache.

Jina lao la biashara kwa Kiingereza huanza kwa sauti inayofanana na neno la kuua, na tumekwisha kuona tafsiri inayowaita samaki wauaji. Ni kosa. Inaaminiwa kwamba neno hilo limetokana na Kiholanzi, ambako kil ni kijito. Ukilitohoa linakuwa kilifishi, na mtu wa Kilifi atadai ni samaki wake. Sisi tumependekeza kwa muda samaki wa masika, na hali ya mayai tumeiita kulala kwa mayai, kwani mkulima anajua mbegu inavyolala ardhini bila kufa.

Tunasema kwa muda, kwa sababu hatuamini kwamba kiumbe kionekanacho kila mwaka kando ya njia hakina jina. Yamkini linalo katika Kidigo, Kibondei, Kizigua au Kisambaa, na watoto wanaovua kwa vitambaa vya khanga wanalijua vizuri kuliko sisi. Walimu na maafisa walioko Mkinga, Muheza, Pangani, Korogwe na Handeni tunawaomba waulize katika masika yajayo, watuandikie jina, lugha, kijiji na namna ya samaki waliyemwona; na vivyo hivyo kuhusu utelezi wa kijani wa mitungi na visima. Karatasi mpya ya mwalimu wa Tanga imekwisha kubandikwa ukutani. Mstari wake wa kwanza unasema: Samaki hawa ni wa maji matamu, yaani yasiyo na chumvi, maji yao yawe ya vuguvugu. Pale palipotajwa samaki wa masika tumeacha nafasi ya kuandika jina kwa kalamu.